Picha ya Shefu Ifike Mwisho

Mashine yangu ya kwanza haikuhitaji umeme, na mpaka leo ndiyo mashine pekee niliyoielewa vizuri. Ilikuwa mashine ya kupiga chapa, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, na kila nilipofika mwisho wa mstari ililia kengele kana kwamba inanishtaki. Nilikaa mbele yake siku yangu ya kwanza kazini hapa Kasongo, katika ofisi ya chama chetu cha wakunga, na kabla ya saa sita nilikuwa nimechana karatasi nyingi kuliko nilizoandika. Nawaambia haya, Amisi na Esperansi, mnaorithi meza yangu, kwa sababu ninyi mnaniita Mama Enformatiki, na watu wa sokoni wanadhani nilizaliwa na kompyuta mgongoni. Nilizaliwa Lusangi, kwa wakulima wa muhogo na mpunga. Kompyuta nilikutana nayo nikiwa na mvi tayari, na haikunipenda.

Mliponiomba niwaachie maandishi kabla sijaondoka na kusahau kila kitu, nilijua mtangoja habari za vyeo. Vyeo havikuwa vingi, tuviache. Nitaandika juu ya zile faili ambazo hazibadiliki hata ukurasa ufunguliwe na nani: picha, nembo, rangi, maumbo ya herufi, na lile faili linalofanya kitufe kisikie mtu akikibonyeza. Waliosoma wanaziita faili tuli. Mimi naziita mizigo, maana kazi yake ni kubebwa kutoka kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza ukurasa, mpaka kwenye simu ya mtu. Nikitazama nyuma naona kazi yangu yote ilikuwa swali moja: mzigo gani utangulie? Nilikosea jibu kwa miaka mingi, tena kwa kujiamini sana.

Aliyenifundisha jibu hakujua kompyuta. Bwana Ramazani alikuwa mtunza stoo wetu, mrefu, mkimya, na shati lake lilikuwa na kalamu mfukoni ambayo hakumwazima mtu. Stoo yake ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, lakini hata taa ikizimika aliingia akatoka na alichotaka. Karibu na mlango aliweka vitu vya haraka: glavu, nyuzi za kufungia kitovu, wembe, sabuni. Katikati karatasi na wino wangu. Nyuma kabisa, juu, aliweka vitambaa vya sikukuu na maua ya karatasi ya kupamba meza ya wageni. Siku moja nilirudisha maua mlangoni kwa sababu nilikuwa mvivu wa kufika nyuma. Aliniita.

"Feza, binti yangu, haya maua yatazalisha mutu?"

"Hapana, Baba."

"Basi juu ya nini yanasimama mbele ya wembe?"

Nikacheka, naye hakucheka. Nilirudisha maua juu, na somo nikalirudisha huko huko juu pamoja nayo, nikalisahau.

Kompyuta ilipokuja, ilikuja na jenereta, na jenereta ilikuja na kelele, kwa hiyo mwanzoni nilidhani kelele ndiyo kompyuta. Niliambiwa faili zinawekwa kwenye dosie, wengine husema folda. Mimi niliona kioo kipana chenye nafasi tele, nikaweka vyote juu ya kioo. Picha ya mkutano niliita "picha mpya". Iliyofuata, "picha mpya ya kweli". Halafu "picha ya mwisho", halafu "picha ya mwisho kabisa usifute", ambayo niliifuta. Bwana Ramazani, akiwa karibu kustaafu, alipita nyuma ya kiti changu, akainamia kioo, akavaa miwani, akaivua.

"Hii ni stoo ao ni soko?"

Nilimwambia ni teknolojia. Alisema hata teknolojia ingependa kufagiliwa.

Baada ya miaka kadhaa chama chetu kikapata ukurasa wake kwenye mtandao. Kijana fundi alikuja kutoka Kindu, akatuwekea programu kwenye seva ya mbali, akanifundisha kwa juma moja, akapanda moto yake, yaani pikipiki, akaondoka. Nadhani aliondoka akiniombea. Programu yenyewe ilikuwa ya kutusaidia kuokoa akina mama. Wakunga wetu wametawanyika Kabambare, Wamaza, Lusangi, na vijiji ambavyo moto hufika kwa kusukumwa. Mama akishindwa kujifungua, mkunga afungue ukurasa kwenye simu, ajaze sehemu chache, abonyeze Tuma. Ujumbe unafika mara moja kwa dereva wa moto aliye karibu na kwa hospitali, ili huyu atoke na wale watayarishe kitanda. Mtauliza kwa nini tusipige simu tu. Ninyi mmezoea minara mipya. Sauti ilikuwa inakatika katikati ya neno, na ujumbe mfupi ulimfikia mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa shambani. Ukurasa ulikuwa tumaini letu, na funguo zake nilikabidhiwa mimi, mwenye "picha ya mwisho kabisa usifute".

Kosa langu la kwanza lilikuwa la heshima kabisa. Niliweka nembo na picha, nikafungua ukurasa kwenye kompyuta yangu, ukang'aa. Mwenzetu wa ofisi ya Kabambare akafungua kwake, akaona visanduku vitupu. Nikamwambia mashine yake inaumwa. Nikamwamuru aizime, aiwashe, aifute vumbi, aipeleke kivulini. Mwisho, maskini, aliifunga kwenye kitenge cha mkewe, akaipakia kwenye moto, akaja nayo mpaka Kasongo kwa barabara mnayoijua. Tukaifungua hapa mezani pangu. Visanduku vitupu. Nikamwambia ni kwa sababu ya mitikisiko ya njiani.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeuambia ukurasa ukachukue picha ndani ya kompyuta yangu mimi, kwenye dosie yangu. Ni kama kumwelekeza mgeni aliye Kabambare achukue kikombe kwenye kabati la jikoni mwangu. Mimi nilikiona kila siku, kwa nini yeye asikione? Nilipoelewa, nilimpikia yule mwenzetu kuku, sikumwambia sababu ya kuku. Lakini tangu siku hiyo mizigo yote ilikaa seva, katika dosie moja kubwa yenye vyumba vyake: picha chumba chake, rangi na mapambo chumba chake, herufi chao, faili za vitufe chao. Na anwani ya dosie ile kubwa iliandikwa mahali pamoja tu ndani ya programu. Ikihama, unabadilisha pale pamoja. Esperansi, siku ile uliponikuta nakukemea kwa kuandika anwani kwa mkono kwenye kila ukurasa, ulidhani nina hasira ya uzee. Nilikuwa namkumbuka mtu na kitenge.

Sasa nifike kwenye wakubwa. Kwetu hakuna mkutano unaoanza bila kuwataja wakubwa waliohudhuria, kila mmoja kwa daraja lake, na anayeruka jina atalikumbuka jina hilo mpaka kaburini. Nikafikiri: ukurasa si mkutano? Juu kabisa nikawapanga kwa picha: Shefu, yaani chifu wa upande wa Wamaza, Baba Abe padri wetu, Shehe, daktari mkuu, mwenyekiti wetu. Picha kubwa, safi, kama zilivyotoka kwenye kamera, kwa maana nani atathubutu kumpunguza Shefu? Chini yao salamu za kukaribisha kwa herufi za madaha, zilizokuwa zikichotwa kwenye seva nyingine ng'ambo ya bahari. Chini ya salamu, fomu ya mkunga. Niliona nimefanya adabu. Kila aliyekuja ofisini nilimfungulia ukurasa aone, na kama hakusifu nilimfungulia mara ya pili.

Kisha shefu mzee wa upande wa Wamaza akafariki. Baada ya mvutano wa nyumba mbili, akatawazwa mpya. Nikapata picha yake, amekaa, kofia ya ngozi kichwani, mkono juu ya fimbo. Picha ya marehemu kwenye seva iliitwa "shefu". Nikaiondoa, nikaweka mpya kwa jina lile lile, "shefu". Kwangu ilionekana vizuri. Siku chache baadaye karani wa Shefu akapiga simu.

"Mama, Shefu anauliza: marehemu anatafuta nini tena mu kiti yake?"

"Baba, mimi hapa namuona Shefu mupya. Anang'aa."

"Siye huku tunamuona wa zamani. Tena anacheka."

Nilitoka jasho. Kumbe simu ikishabeba picha mara moja inaweka nakala yake, isisumbuke kuibeba tena. Ni jambo jema, ndilo linalotuokoa na mtandao wetu wa kobe, na mimi mwenyewe ndiye niliyeamuru nakala zikae muda mrefu. Simu za Wamaza ziliulizwa habari ya "shefu", zikajibu: huyo tunaye. Nikamwelekeza karani kwa simu jinsi ya kufuta nakala. Akafuta. Akafuta namba zote za watu katika simu ya Shefu, na marehemu akabaki pale pale anacheka. Maneno yalianza kupita kwamba mimi ni wa ile nyumba nyingine, iliyonyimwa kiti.

Dawa ilikuwa mbele ya macho yangu. Mtu akitawazwa kwetu hupewa jina jipya, lile la zamani hakuna anayemwitia tena. Mimi nilibadilisha uso nikaacha jina. Nikalipa faili jina jipya, nikaurekebisha ukurasa uliite kwa jina hilo, na simu zote, kwa kuwa hazikumjua mtu huyo, zikaenda kumchukua. Ndiyo sababu katika chumba cha picha mnaona majina yenye namba mwishoni na mnanung'unika. Msinung'unike. Faili likibadilika, jina libadilike. Vinginevyo mtafufua watu.

Nilidhani hapo nimeshahitimu. Ndipo akaja Mama Jozefini.

Mama Jozefini ni mkunga wetu katika kijiji kimoja nyuma ya Wamaza, mnamjua kwa sauti. Aliingia ofisini kwangu na vumbi la safari usoni, hakukaa, hakusalimia. Kwa Jozefini, mtu wa kanisa na adabu, kutosalimia kulitosha kunitisha.

"Mama Feza, mugonjwa wangu alitaka kufa."

Alinieleza akiwa amesimama. Mama mmoja kijana, mtoto amekaa vibaya. Jozefini alipanda juu ya kichuguu nyuma ya zahanati, mahali pekee ambapo mtandao hufika, akafungua ukurasa wangu. Wakubwa wakaanza kuja. Polepole. Fomu ikaonekana mwisho, akaijaza, akabonyeza Tuma.

"Ile butoni iko pale, lakini haifanye kitu. Niliifinya mpaka kidole kikauma. Niliiomba. Niliitukana, Mungu anisamehe. Nyuma nikaita wanaume, tukamubeba mama kwa mabega mpaka Wamaza. Mutoto alitoka wa buluu. Alilia tukiisha kukata tamaa."

"Walipona?"

"Walipona. Lakini haikukuwa juu ya weye."

Mimi, badala ya kunyamaza, nilifungua ukurasa kwenye kompyuta yangu, yenye mtandao wa ofisi, nikamwonyesha unavyofunguka kufumba na kufumbua. Nilimwonyesha kweli! Nilimwambia pengine simu yake inaumwa. Akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali:

"Mficha uchi hazai. Kesho unakuja na miye Wamaza."

Nikaenda. Sitawaeleza barabara, mnaijua, na kiuno changu hakijasahau. Nilipanda kichuguu na viatu vyangu vya ofisi, Jozefini akanipa simu yake, nikafungua ukurasa wangu mwenyewe. Kikaja kipande cha kofia ya ngozi. Nikangoja. Likaja paji la uso. Nikangoja nyusi. Wanakijiji walikusanyika chini kuangalia mwanamke wa Kasongo aliyesimama juu ya kichuguu anaangalia simu kama anasoma kifo chake. Shefu alipofika puani, mtandao ukapumzika. Nilisikia haya, haya ya kweli. Kila mstari wa uso ule niliuweka mimi pale, uwe mbele ya mama anayetokwa na damu. Waliosema haraka haina baraka hawakuwa wakunga.

Pale juu ndipo nilipoelewa na ile butoni. Kitufe kilikuwa mchoro tu. Uhai wake ulikuwa katika faili lingine, na faili hilo lilikuwa nyuma ya foleni, linasubiri Shefu, Abe, Shehe, daktari, mwenyekiti, na herufi za madaha kutoka ng'ambo. Nilimkumbuka Bwana Ramazani na maua ya karatasi. Alikuwa amekwisha kufariki, na nilifurahi kidogo kwamba hakuniona.

Kazi ya kurekebisha nilijua. Kilichonitisha ni kitu kingine: kumtoa Shefu mbele. Huyu ndiye aliyemwona marehemu kwenye kiti chake na akafutiwa namba zake zote. Jozefini anaishi katika ardhi yake. Nikimchukiza, zahanati yake ndiyo italipia. Lakini nisipomtoa, mama atakayefuata atangoja pua. Nikamwambia Jozefini twende tukamwombe.

Tulikaribishwa uani. Tukapewa viti, tukapewa maji, tukaulizwa safari. Wazee wa baraza wakaja mmoja mmoja wakakaa. Tukangoja. Jua likahama kutoka magotini kwangu mpaka mabegani. Nilianza kunung'unika moyoni: huyu mtu anakuja lini? Watu wote wamekaa, maneno madogo yamekwisha kusemwa na karani, na yeye bado yuko ndani. Halafu karani akapiga makofi, sote tukasimama, na Shefu akatoka. Nikakaa chini polepole, kwa sababu nilikuwa nimepata la kusema.

Nilieleza habari ya mama yule na mtoto wa buluu. Jozefini akaongeza, bila kupunguza kitu. Shefu alisikiliza. Kisha akaniuliza:

"Weye ndiye mama wa picha?"

"Ndiye miye, Shefu."

"Ile ya marehemu."

"Ndiyo, Shefu. Naomba radhi tena."

"Na sasa unataka kuniondosha."

"Hapana, Shefu. Nauliza neno moja tu. Kukiwa karamu, weye unafika saa ngapi?"

Wazee wakageuka kunitazama. Mmoja akakohoa. Shefu akasema hawezi kufika kabla ya watu, yeye si mpishi.

"Wapishi wanafika kwanza," nikasema, "wanabeba maji na kuni. Wageni wanakaa. Watu wote wakiisha kutulia, ndipo Mukubwa anatoka. Miye, kwa upumbavu wangu, nilikutuma mbele ya wapishi, Shefu. Unafika mu simu ya watu wakati bado wanabeba kuni, na unakwama pale, uso nusu, watu wanakuona mupaka puani."

"Mupaka puani?"

Jozefini akatoa simu akamwonyesha. Ilikuwa bado imesimama pale pale. Baraza zima likajitahidi lisicheke, na jitihada hiyo ilikuwa na sauti. Shefu aliitazama pua yake kwa muda mrefu, akairudisha simu.

"Niweke nyuma," akasema. "Nyuma ya wote. Nyuma yangu asifike mutu."

Nikarudi Kasongo nikafanya kazi kama mtu anayezima moto. Fomu ikawa ya kwanza, tupu, bila pambo, maneno meusi juu ya weupe, na kitufe kinachotuma chenyewe bila kusubiri faili lolote. Rangi chache ilizohitaji nikaziandika ndani ya ukurasa ule ule zisije na safari yao. Herufi za madaha nikazifuta. Simu ina herufi zake, zinasomeka. Picha nikazipunguza uzito mpaka zikawa nyepesi kama makapi ya mpunga, na nikaziamuru zisianze safari kabla fomu haijakaa, na mtu asipoteremka chini kuzitafuta, zisije kabisa. Nikafungua ukurasa, ukawa mbaya kama kuta za choo. Jozefini aliandika kutoka kichuguuni: "Sasa iko muzuri sana."

Kulikuwa na tatizo dogo. Habari zilimfikia Baba Abe kwamba Shefu ameomba kuwekwa mwisho kwa heshima, naye akauliza kwa upole kama kanisa halistahili heshima hiyo. Shehe akatuma mtu. Mwenyekiti wetu, ambaye miaka yote alipigania kuwa wa kwanza, alitaka kuwa wa mwisho. Nilitumia muda mwingi kuwapanga wakubwa kwa nyuma kuliko niliotumia kurekebisha programu. Amisi, ndiyo sababu kuna yale maelezo marefu katika faili la mpangilio wa picha, uliyotaka kuyafuta. Usiyaguse. Yanashikilia amani ya wilaya mbili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, na mambo yakienda hakuna cha kuandika. Nitawapa moja tu. Zuhura, binti wa Shefu mwenyewe, alishikwa na uchungu kule kijijini, mtoto amekaa vibaya kama yule wa kwanza, na mvua inanyesha ile ya kufunga macho. Jozefini alipanda kichuguu amejifunika plastiki. Ujumbe ukapita. Dereva akatoka, hospitali ikangoja, na Zuhura akazaa salama, mtoto wa kiume. Walimpa jina la dereva wa moto. Mimi sikupewa hata jina la pili, nami nilijiambia sijali, nikalirudia mara kadhaa.

Shefu alipokuja Kasongo kumwona mjukuu, alipita ofisini. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akakataa soda, akaangalia kompyuta yangu kama mtu anayeangalia mbwa aliyewahi kumuuma.

"Ile siku ya mvua," akasema, "picha yangu ilifika?"

Ningeweza kumdanganya. "Haikufika, Shefu. Rezo, mtandao wetu ule wa kobe, ilibeba ujumbe tu, ikakufa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Vizuri," akasema. "Iache pale pale."

Nilimcheka baada ya kuondoka. Nilimsimulia kila mtu: mzee yule, mjukuu amepona, yeye anauliza habari za picha yake! Mlicheka na ninyi.

Basi sasa tuje kwenye siku yangu ya mwisho kazini. Nilijua mnaficha jambo, maana Esperansi hawezi kuficha hata chumvi. Mlinifungulia ukurasa. Juu kabisa, mbele ya fomu, mbele ya kila kitu, nilikuwa mimi. Picha kubwa, kama ilivyotoka kwenye simu ya Amisi, na maua pembeni, na maneno ya kuniaga kwa herufi za madaha mlizozichota ng'ambo. Mlidhani nitakasirika palepale, mwalimu mkali. Sikukasirika. Niliinama nikajitazama. Nilisema kitambaa cha kichwa kimenikaa vizuri. Nikampigia mwanangu simu, afungue aone. Nikawaita majirani. Nilikuwa na furaha ya kitoto, na machozi kidogo, na wala sikumkumbuka mtu yeyote aliye juu ya kichuguu.

Jozefini ndiye aliyenikumbusha. Simu yangu ililia, ujumbe mfupi wa kawaida: "Mama Feza, niko na mama anatoka damu. Fomu haionekane. Naona tu paji lako la uso."

Mnakumbuka nilivyopiga kelele. Amisi aliangusha soda. Mliniondoa mbele kwa haraka ambayo inanipa matumaini na chama hiki, faili likatoka, ukurasa ukarudi na ubaya wake mzuri, na tukakaa sote watatu tukiangalia kioo, tukingoja, keki ya kuniaga haijakatwa. Ujumbe wa Jozefini ukaingia. Dereva akajibu ametoka. Hospitali ikajibu kitanda kiko. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kuomba, na tuliomba, Amisi kwa njia yake na sisi kwa yetu.

Mtajua sasa kwa nini nilikataa mniweke nyuma pamoja na wakubwa. Nyuma ya Shefu hakuna nafasi, na sina kiuno tena cha kwenda kumwomba. Nitoeni kabisa. Fomu ibaki mlangoni, maua yabaki juu, nyuma.

Jua lilipokuwa linashuka, Jozefini alipiga simu, na siku hiyo sauti ilikubali kupita. Nilipokea. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwuliza, na wallahi sijui kwa nini, lililotangulia mdomoni lilikuwa hili:

"Jozefini, picha yangu ilifika?"

"Haikufika, Mama," akasema. "Ni mutoto ndiye amefika."